Kunde zikikamatwa na jua, usizing'oe upesi
Kunde za kienyeji zinazotambaa zikikosa mvua katikati ya msimu, usizing'oe, wala usichume mboga. Kagua ncha za matawi: zikiwa bado mbichi, mmea uko hai. Kunde huwahi kufunga vitundu vidogo vya majani, na majani yenyewe hujigeuza wima kukwepa jua la mchana. Ukuaji unasimama, maji yanabaki mwilini. Mvua ikirudi, zinachipua na kutoa maua upya. Aina fupi za kusimama, zinazotoa maua kwa mkupuo mmoja, mara nyingi haziwezi hilo. Shina likioza usawa wa udongo, hapo hakuna cha kusubiri, ng'oa.