Saluni Inayohama na Kambi: Jinsi ya Kusuka, Kulea na Kuishi na Barua za Uhamisho

Mume wangu ni mwanajeshi, mimi ni msusi. Barua ya uhamisho ikitoka, yeye anakuta kikosi kinamsubiri aendako. Mimi naanza kutafuta vichwa upya. Wenzangu wengi wameacha kazi kwa sababu hiyo. Ushauri wangu kwako uliyeolewa na askari: usihangaike kujenga saluni, jenga kazi inayobebeka.

Anza na vifaa. Kiti cha saluni na draya ya kusimama ni mzigo, vikodi au uviuze ukihama. Vinavyosafiri nawe ni vitana, vibanio, rola, draya ya mkono, mashine ya kunyolea, glavu, mataulo meusi, na mkasi wa nywele ndani ya ala yake. Mkasi huo usikate karatasi wala uzi, maana ukiwa butu unazichana ncha za nywele badala ya kuzikata. (Waambie watoto mapema, kabla hawajauchukua kwa kazi za shule.) Kopo la dawa ya kulainisha likishafunguliwa, usilifunge kwenye mizigo. Nunua jipya ukifika.

Ila mtaji wako wa kweli ni daftari. Kila mteja ana ukurasa wake: tarehe, dawa gani, ya kawaida au kali, ilikaa dakika ngapi, ngozi ilisemaje. Kama ni rangi, andika namba yake na peroksaidi ya kuchanganyia rangi ilikuwa asilimia 3, 6 au 9. Andika pia kwamba ulimjaribu saa 48 kabla, kwa tone dogo nyuma ya sikio. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo anayekuja baada ya wiki nne akidai dawa tena, mfungulie ukurasa wake umwonyeshe kuwa kilichoota bado hakitoshi kupaka. Dawa juu ya dawa hukata nywele, na atakayelaumiwa ni wewe. Siku ya kuondoka, mpe kila mteja nakala ya ukurasa wake ampelekee msusi mwingine. Inaonekana kama kutoa mali bure, lakini wake wa askari nao wanahamahama. Utakutana nao kambi nyingine, na watakuja na majirani.

Ukifika mahali papya, usiweke kiti sebuleni kabla ya kuuliza. Nyumba za kambini zina masharti yake, na mara nyingi biashara inahitaji kibali cha maandishi. Uliza pia kuhusu wageni getini, na kama cheti chako cha ususi kinatambulika huko. Wakati unasubiri majibu, suka watoto wako vizuri. Vichwa vyao ndivyo bango lako la kwanza. Usikaze nywele za mbele ili msuko ukae muda mrefu: mtoto akishindwa kulala kwa maumivu, au vipele vikitokea pembeni mwa paji, fumua siku hiyo hiyo. Nywele zinazovutwa hivyo kila mara zinaweza kuishia kutoota tena.

Sasa mdomo. Kwenye kiti cha msusi watu husema yote na huuliza yote, na swali utakaloulizwa zaidi ni "Shemeji anarudi lini?" Usitaje tarehe, usitaje mahali, usitaje wako wangapi. Mimi hujibu, "Yuko kazini, salamu zitamfika," kisha nauliza mteja anataka mistari iende mbele au nyuma. Mteja mwingine akianza kueleza safari ya mume wake, mgeuzie mazungumzo kwenye nywele vilevile. Picha za kazi zako mtandaoni zisionyeshe geti, magari wala sare iliyoanikwa nyuma.

Mume akiwa mbali, panga miadi kwa saa za shule. Rasta ndogo zinazokula siku nzima zigawe mara mbili au zikatae. Dawa sikubaliani nayo kabisa kama kuna mtoto mdogo macho ndani ya nyumba na hakuna mtu mzima wa kumshika. Dawa ile ni alkali kali na muda wake ni wa dakika; mtoto akianguka chumba cha pili, utaacha kichwa kiungue au utaacha mtoto alie? Kopo likae kabatini kwa kufuli, na pasi ya nywele ipoe juu, waya wake usining'inie.

Kabla hajaondoka, mwombe akuachie hati ya uwakili, uweze kusaini mkataba wa nyumba na karatasi nyingine kwa niaba yake. Pesa ya nywele itenge na mshahara wake, kwani karatasi za uhamisho zikikwama ofisini utaishi kwa hiyo.

Akirudi, punguza miadi ya siku za kwanza, usiifute yote. Watoto wataendelea kukuomba wewe ruhusa hata yeye akiwa amekaa hapo hapo, na hilo humuuma kuliko atakavyosema. Usimkabidhi nyumba nzima kwa mkupuo, wala usimfanye mgeni. Mpe jambo moja liwe lake kabisa. Wangu nilimpa mataulo na kupeleka watoto shule. Mataulo anayakunja kama anasubiri ukaguzi, pembe kwa pembe, na mteja akivuta la katikati badala ya la juu namwona anavyojizuia.