Somo: Passé composé ya Kifaransa, na mtego wa -me-

Kifaransa cha kuzungumza husimulia karibu kila tendo lililokwisha kwa passé composé, yaani wakati uliopita unaoundwa kwa kitenzi kisaidizi na umbo la kitenzi kikuu. "J'ai mangé" ni "nilikula", na pia ni "nimekula". Msikilizaji hutofautisha kwa muktadha, au kwa neno kama hier (jana) na déjà (tayari). Kuiunda hakuchukui muda mrefu. Kinachowasumbua wazungumzaji wa Kiswahili ni -me-, nasi tutafika huko baada ya muundo.

Hatua ya 1: kitenzi kisaidizi

Kariri wakati uliopo wa vitenzi hivi viwili mpaka vitoke kinywani bila kufikiri.

Avoir: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont.
Être: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni "je mangé". Linatokana na mazoea: katika "nilikula" nafsi, wakati na tendo vimo ndani ya neno moja. Katika Kifaransa nafsi na wakati hukaa kwenye kisaidizi, hivyo ukikiacha sentensi haina wakati.

Hatua ya 2: participe passé (umbo la kitenzi kikuu linalofuata kisaidizi)

Vitenzi vya kawaida: parler → parlé, finir → fini, vendre → vendu.

Visivyo vya kawaida jifunze kwa mafungu ya sauti, si kwa alfabeti:
- u: vu (voir), lu (lire), bu (boire), su (savoir), pu (pouvoir), voulu, reçu, venu, couru, eu (avoir; hutamkwa u ya Kifaransa tu)
- is: pris, appris, compris, mis
- it: dit, écrit, na fait kwa jirani
- ert: ouvert, offert, couvert
- peke yao: été (être), né (naître), mort (mourir)

Hatua ya 3: avoir au être?

Vitenzi vingi mno huchukua avoir. Vinavyochukua être hasa ni hivi: aller, venir, revenir, devenir, arriver, partir, entrer, rentrer, sortir, monter, descendre, tomber, rester, retourner, passer, naître, mourir. Ongeza vyote vyenye se (ambayo hubadilika kwa nafsi: me, te, se): je me suis levé.

Wengi hufundishwa kwamba être ni ya "vitenzi vya mwendo". Kanuni hiyo inapotosha. Courir, marcher, nager na voyager ni mwendo mtupu, lakini tunasema j'ai couru, j'ai marché. Rester hakina mwendo wowote, na bado ni je suis resté. Kariri orodha.

Sita kati ya hivyo hugeuka na kuchukua avoir vikipata yambwa (kinachotendewa): monter, descendre, sortir, rentrer, passer, retourner. Hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu sisi hubadilisha kitenzi chenyewe: toka/toa, shuka/shusha, panda/pandisha.
- Elle est sortie. (Ametoka.)
- Elle a sorti les chaises. (Ametoa viti.)
- Il est descendu. (Ameshuka.)
- Il a descendu le sac. (Ameshusha mfuko.)

Angalia tu ngazi: "nilipanda ngazi" ni j'ai monté l'escalier, kwa kuwa l'escalier ni yambwa hata kama Kiswahili hakisemi "pandisha".

Hatua ya 4: upatanisho

Kwa être, participe hufuata jinsia na idadi ya mtenda: elle est arrivée, ils sont arrivés, elles sont arrivées. Kwa avoir haifuati mtenda kamwe: elle a mangé, elles ont mangé. Hupatana na yambwa pale tu yambwa inapotangulia: les mangues que j'ai achetées, la lettre, je l'ai écrite. Mara nyingi tofauti haisikiki, ila kwenye umbo la kike la participe zinazoishia kwa konsonanti: écrite, prise, ouverte.

Hatua ya 5: kukanusha

Ne na pas hukibana kisaidizi, kisha participe hufuata: je n'ai pas mangé. "Sijala" huongezewa encore: je n'ai pas encore mangé. Rien hukaa katikati (je n'ai rien vu), lakini personne huenda mwisho (je n'ai vu personne). Kiwakilishi hutangulia kisaidizi: je ne l'ai pas vu.

Sasa -me-

-me- yetu hutaja tendo lililokwisha, na pia hali iliyopo sasa. Passé composé inafaa kwa la kwanza. Hali iliyopo hutaka wakati uliopo:
- Amelala: il dort (si il a dormi)
- Amechoka: il est fatigué
- Amesimama: il est debout
- Amevaa koti: il porte un manteau

Ukimwambia mtu "le bébé a dormi", ataelewa kwamba mtoto alilala na usingizi umekwisha. Kabla ya kutafsiri -me-, jiulize kama hali hiyo bado inaendelea unapozungumza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. "Nimekaa Bujumbura miaka mitatu" ni j'ai habité?*

Marahaba. Inategemea uko wapi sasa. Kama bado unaishi huko: j'habite à Bujumbura depuis trois ans, wakati uliopo. Kama umeshahama: j'ai habité à Bujumbura pendant trois ans. Kikanushi ni tofauti: "sijamwona tangu 2019" ni je ne l'ai pas vu depuis 2019, passé composé pamoja na depuis.

*Kwa nini "elle s'est lavée" ina e, lakini "elle s'est lavé les mains" haina?*

Katika ya kwanza, se ndiyo yambwa: amejiosha yeye. Katika ya pili yambwa ni les mains, nayo imekuja baada ya kitenzi, basi hakuna upatanisho. Vivyo hivyo ils se sont parlé, kwa sababu Kifaransa husema parler à quelqu'un, na se hapo si yambwa ya moja kwa moja.

*"Alikuwa anasoma nilipofika" naisemaje? Na "nilikuwa nimekula"?*

Tendo lililokuwa likiendelea huchukua imparfait, lililolikatiza huchukua passé composé: il lisait quand je suis arrivé (mwanamke ataandika arrivée). "Nilikuwa nimekula" ni j'avais mangé: muundo uleule, kisaidizi kikiwa katika imparfait.

*Ndugu mwalimu, kwenye riwaya nakuta "il alla", "elle fit". Ni nini?*

Ni passé simple, wakati wa maandishi, hasa ya masimulizi. Itambue unaposoma. Unapozungumza sema il est allé, elle a fait.

*Na "nimetoka kula sasa hivi"?*

Je viens de manger. Venir katika wakati uliopo, de, kisha kitenzi kisichonyambuliwa. Usiseme je suis venu de manger.