Ukurasa wa duka uanzie kaunta: maelekezo ya muuza vitenge wa Kariakoo

Vijana wananiuliza niliwezaje kutoka kukunja vitenge dukani hadi kusimamia kurasa za duka mtandaoni na watu wanaoziendesha. Swali la pili huwa ni simu gani wanunue. Simu yoyote inayotoa picha safi inatosha. Kabla ya simu, kaa kaunta wiki nzima ukiwa na daftari, usipige picha hata moja, na uandike kila swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe. "Hii inachuja?" "Yadi sita shilingi ngapi?" "Nikichukua sare za watu thelathini unanipunguzia?" "Mnatuma Songea?" "Nyie mko wapi hasa, mbona nimezunguka Mtaa wa Kongo wote sijawaona?"

Anayeuliza kaunta na anayeuliza inboksi ni mtu mmoja, ila wa inboksi hana subira kwa sababu anaandika akiwa amesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba. Kurasa chache za daftari zikijaa utaona maswali yanajirudia, na hayo yanayojirudia ndiyo posti zako za mwezi wa kwanza. Swali la kuchuja sisi tulilijibu kwa video moja: beseni jeupe, maji, sabuni, mikono inafikicha kitenge, halafu kamera inashuka kuonyesha maji yalivyo. Hakuna muziki, hakuna anayecheza. Mpaka leo mteja akiuliza namtumia hiyo, na mazungumzo yanahamia kwenye rangi anayotaka.

Bei iandikwe

"Bei njoo inboksi" ni ugonjwa wa mji huu. Wenye maduka wananiambia wakiandika bei jirani ataiona. Jirani anaijua. Asubuhi alimtuma kijana wake aje kuuliza akijifanya mteja, na wewe jana ulimtuma wa kwako. Anayebaki hajui bei ni mteja peke yake, na huyo hatakuomba. Atashuka posti mbili chini, ataona 25,000 imeandikwa kwenye ukurasa mwingine, ataishia huko.

Bei ya jumla ndiyo naificha, na nina sababu. Wanaochukua mzigo kwetu wanaenda kuuza Mbeya, Bujumbura, Lubumbashi. Nikiianika bei waliyonunulia, wateja wao wataiona na mimi nitakuwa nimewaharibia biashara. Kwa hiyo ukurasani kuna bei ya rejareja, na ya jumla anaipata mtu WhatsApp akishasema anataka vipande vingapi.

Pamoja na bei andika kipimo. Kitenge cha yadi 6 ni mita kama 5 na nusu, na mteja aliyeko Ujerumani au Uholanzi anafikiri kwa mita. Ukimwandikia yadi tu atakuuliza, utamjibu, na saa nzima imepita kwa jambo ambalo lingekaa kwenye mstari mmoja. Andika na mtaa, na alama ambayo mtu wa mkoani akimwambia dereva wa bodaboda inaeleweka.

Picha na video

Maduka mengi ya Kariakoo ni ya ndani, taa ya tyubu inawaka mchana, na taa hiyo inakidanganya kitambaa. Bluu ya bahari inatoka kijani, zambarau inatoka nyeusi, mteja anapokea mzigo Tabora anasema umemtumia kingine. Toa kitenge nje asubuhi jua likiwa bado la upande, kwenye kibaraza au juu ya paa la jengo, mahali penye kivuli chenye mwanga. Zima flashi. Weka mkono wa mtu juu ya kitambaa ili ukubwa wa maua uonekane, kwa sababu ua linaloonekana dogo kwenye picha linaweza kujaza mgongo mzima wa gauni. Kunja ncha moja upande wa nyuma uonekane pia; wanaojua vitenge wanaangalia nyuma kwanza.

Video iwe ya wima. Kitu chenyewe kionekane sekunde ya kwanza, salamu zije baadaye au zisije kabisa. Andika maneno juu ya video maana wengi wanatazama bila sauti wakiwa kazini. Basi, kuhusu video sina zaidi. Wanaokuuzia kozi ya siku tatu ya video watakuambia mengine.

Inboksi na heshima

Hapa ndipo mauzo yalipo, na ndipo watu wanapaharibu kwa "mpenzi" na "dia". Picha ya wasifu ni ya mtoto au ya waridi. Hujui kama unaongea na binti wa chuo au na mama mwenye wajukuu anayenunua sare ya harusi ya mwanawe. Anza na "Karibu sana, habari za asubuhi." Akijibu kwa ujumbe wa sauti na sauti ikawa ya mtu mzima, mpe shikamoo, na umjibu kwa sauti pia. Wateja wetu wakubwa kabisa wa sare ni akina mama ambao hawapendi kuandika. Kijana anayewajibu kwa maandishi matupu anawapoteza na wala hajui.

Tumia WhatsApp Business, si ile ya kawaida. Ipo tangu 2018 na ni bure. Weka katalogi, weka majibu ya haraka kwa yale maswali ya daftari, na weka lebo: "anauliza", "amelipa", "mzigo umetoka". Lebo ya tatu ndiyo inayookoa urafiki. Mzigo ukishakabidhiwa kwenye ofisi ya basi, piga picha ya stakabadhi, mtumie mteja pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iwe ndani ya mfuko. Kuwa mteja ni wa mtandaoni hakumwondolei haki ya risiti.

Mwombe mteja aliyenunua ahifadhi namba ya duka. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Nimeona duka linatangaza kila Ijumaa kwa orodha iliyojaa, na wanaopokea ni wachache tu. Mpe sababu ya kuhifadhi: "Hifadhi namba, mzigo mpya unautangulia kuuona kwenye stetasi."

Halafu kuna matapeli. Wanachukua picha zako, wanafungua ukurasa wenye jina lako na nukta moja zaidi, wanaweka namba yao. Weka kadi ya duka juu ya kitambaa chenyewe wakati wa kupiga picha, si maandishi ya kubandika baadaye, maana hayo yanafutika. Na kila anayetaka kulipa umwambie: "Ukiingiza lipa namba litatokea jina la duka. Likitokea jina lingine, usiweke namba ya siri."

Watu wa nyuma ya ukurasa

Ukurasa wa duka moja la kawaida una watu wanne hata kama anayejulikana ni mmoja: wa kaunta, wa stoo, wa kujibu, na wa bodaboda. Ugomvi wote niliowahi kuusuluhisha ulihusu mambo mawili tu, mzigo ulioisha na kamisheni.

Mzigo ulioisha kwanza. Umeposti jioni, dada wa kaunta ameuza kipande cha mwisho saa tatu asubuhi, wewe saa nne unapokea pesa ya mtu wa Dodoma. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi halitatui hili kama ndani yake kuna salamu, sala za asubuhi na video za mpira. Fungua kundi lingine la mzigo peke yake. Anayeuza cha mwisho anaweka picha yake na neno moja, "imeisha". Kijana wa stoo anaweka kilichoingia na idadi. Wengine wote kimya. Kwa wiki mbili za mwanzo itabidi uwe mkali hadi watu wakuone una roho mbaya; vumilia. Sare za sherehe zina sheria yake: hakuna anayemwambia mwanakamati "ipo" kabla kijana wa stoo hajahesabu vipande kwa mkono. Kamati ya send-off ikipungukiwa vipande vitano, rangi ileile haipatikani tena mtaa mzima, na watu arobaini watalijua jina la duka lenu kwa ubaya.

Kamisheni ni ngumu zaidi. Mteja ameona kitenge Instagram, amepanda daladala hadi dukani, amehudumiwa na dada wa kaunta. Mauzo ni ya nani? Dada atasema yake, kwa sababu ndiye aliyepanda ngazi na kushusha majora. Wa mtandaoni atasema yake, kwa sababu bila posti mtu huyo asingekuja. Wote wawili wana haki, na ukimpa mmoja, mwingine ataanza kuficha kazi: wa kaunta hatamwambia mteja kuwa kuna ukurasa, wa mtandaoni atawaambia watu wasije dukani watumiwe tu. Tulichofanya ni kumuuliza kila mteja "Umetufahamu wapi?" na kuandika jibu pembeni ya mauzo. Mauzo yaliyopita pande zote mbili yanaingia kapu moja, kapu linagawanywa mwisho wa mwezi, na kijana wa stoo yumo. Mwenye duka alikataa mwanzoni kumweka wa stoo. Nilimwomba asimame mwenyewe stoo siku moja ya Jumamosi kabla ya Idd, na tulipofunga jioni aliliweka jina la kijana kwenye orodha.

Anayejibu awe mmoja kwa zamu, na akimaliza zamu amwandikie anayefuata nani amebaki hajajibiwa. Mteja kuulizwa mara mbili "unataka rangi gani?" kunakera kuliko kucheleweshwa.

Wakati na pesa ya matangazo

Kitambaa kinahitaji fundi, na fundi anahitaji muda. Posti ya Idd ikitoka siku mbili kabla ya Idd ni mapambo. Sisi tunaanza kabla Ramadhani haijaingia, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kila mwaka kalenda inapangwa upya. Usinakili ya mwaka jana. Januari watu wana ada za shule, kwa hiyo weka vipande vya bei ya chini na usishangae. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka ndipo uweke vile vya gharama.

Kulipia tangazo, sheria yangu ni fupi. Lipia ile posti ambayo tayari imeleta maswali bila kulipiwa. Posti iliyokufa, pesa haiifufui. Lengo liwe ujumbe, siyo laiki. Mtu maarufu wa kumlipa akusifie, sijawahi kuona faida yake kwa duka la ukubwa wetu, ingawa wenye vipodozi wanasema kwao inalipa.

Picha ya mteja aliyependeza na gauni lake inauza kuliko zote, lakini muombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuiposti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, kuna watu hawataki shemeji zao wajue wameshona nini.

Kupanda

Kila mwezi andika karatasi moja kwa mkono: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, pesa ngapi, kipi kilikwama. Idadi ya wafuasi iweke chini kabisa au iache. Mpe mwenye duka asubuhi kabla ya wateja, usimtumie kwenye simu. Karatasi hizo zikifika nusu mwaka unazo hoja za kuomba nyongeza bila kulia shida. Usiseme "maisha yamepanda". Kila mtu yamempandia. Sema: "Mama, miezi mitatu hii mauzo ya mikoani yametoka hapa na kufika hapa, na watu wanaoyashughulikia ni hawa. Naomba tuongee." Kisha nyamaza. Mimi nilipewa usimamizi kwanza, mshahara ulifuata baadaye sana, na nilikubali kwa sababu usimamizi unahamishika kwenda duka lingine na mshahara hauhamishiki.

Ukiona umefika mwisho wa ngazi, ondoka vizuri, na maandalizi yake yaanze siku ya kwanza ya kazi. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba ya duka isiwe kwa jina lako hata bosi akikuomba. Baruapepe ya ukurasa iwe ya duka, uthibitisho wa hatua mbili uende kwenye simu ya duka. Siku ya mwisho kaeni wawili, mbadilishe nenosiri, toa akaunti kwenye simu yako akiona, ondoka kwenye kundi la mzigo. Wateja watakaokufuata kwenye namba yako binafsi wiki hiyo, warudishe dukani. Kariakoo mwenye duka unalokwenda kuomba kazi atakuwa ameshasikia ulivyoondoka kabla hujamaliza kupanda ngazi zake.