Kusoma utafiti wa stenti: anza na jeraha

Baba Salma, mume wangu, ana stenti moja moyoni, kifaa kidogo cha chuma kinachoshikilia mshipa wa damu ubaki wazi, tangu Februari 2019, na tangu hapo simu yangu haijapata usingizi. Shemeji yangu, mtu mwema asiyelala, hunitumia kila anachokiokota mtandaoni. Leo "Stenti hazina faida, wataalamu wathibitisha", wiki ijayo "Stenti mpya yayeyuka yenyewe mwilini". Halafu anasubiri nitoe hukumu, kwa sababu miaka 27 nilikuwa fundi wa maabara ya patholojia. Kazi yangu ilikuwa kukata tishu, kuzitia rangi na kuzipeleka mezani kwa daktari. Mtafiti sikuwa. Lakini ukikaa miaka yote hiyo na hadubini, unajifunza kuuliza mambo ambayo kichwa cha habari hakisemi. Basi hivi ndivyo ninavyosoma taarifa hizo, nawe waweza kusoma hivyo hivyo hata kama mara ya mwisho ulifungua kitabu cha biolojia kidato cha pili.

Weka chuma pembeni kwanza, uutazame ukuta. Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu, ni kitu hai chenye matabaka matatu. Ndani kabisa kuna safu moja ya seli, nyembamba kupita kiasi, ambayo damu hupita juu yake bila kuganda. Katikati kuna misuli laini. Nje kuna tishu inayoshikilia kila kitu. Kati ya tabaka la ndani na la kati upo utando unaonyumbuka. Ukiutia rangi yake, kwenye hadubini unaonekana kama mstari mweusi wenye mikunjo, mfano wa marinda ya sketi ya shule. Mimi nilikuwa naupenda mstari ule. Ukiuona mzima, unajua ukuta haujaguswa.

Sasa stenti. Ni wavu mdogo wa chuma uliovishwa juu ya puto. Puto likifika pale ateri ilipofinyika hujazwa kwa shinikizo la angahewa 10 hadi 16 hivi. Tairi la gari dogo lina kama 2 tu. Marinda yote hunyooka, safu ya ndani huchunika, na mahali pengine vijiti vya wavu huchana ule mstari mweusi na kuingia kwenye misuli. Njia inafunguka, damu inapita, mgonjwa anapumua. Lakini ukuta umejeruhiwa, na ukuta uliojeruhiwa hufanya yale yale ambayo goti la mtoto hufanya akianguka. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, hukimbilia pale na damu huganda kidogo. Zinafuata chembe nyeupe na uvimbe wake. Kisha seli za misuli kutoka tabaka la kati huhamia ndani, huzaana na kujenga kovu. Kovu likiwa jembamba na likafunikwa na safu mpya ya seli, mambo yamekwisha vizuri. Likinenepa, njia inafinyika tena ndani ya stenti yenyewe.

Kwa hiyo utafiti wowote wa stenti ninausoma kama habari ya kidonda. Swali langu la kwanza: kidonda kilikuwa na kina gani? Mwaka 1992 Robert Schwartz na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipima jambo hili kwenye mishipa ya moyo ya nguruwe. Walitoa alama 0 pale mstari mweusi ulipokuwa mzima, 1 ulipochanika, 2 misuli ilipochanwa, na 3 chuma kilipofika hadi utando wa nje. Kadiri alama ilivyopanda, ndivyo kovu lilivyonenepa. Alama hizo zinatumika mpaka leo. Ukikuta taarifa inasema stenti A imezaa kovu dogo kuliko stenti B, tafuta kama madaktari waliwajeruhi wanyama sawasawa. Pengine B haina kosa, ila puto lake lilijazwa mno.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Tishu ya kawaida tunaigandisha katika nta na kuikata kwa kisu kikali, vipande vyembamba kuliko karatasi. Jaribu hivyo kwa ateri yenye chuma ndani! Kisu kinapata pengo, na kijiti cha chuma kinang'oka na kuburuta tishu yote. Ukiambiwa "hakukuwa na seli juu ya kijiti", hujui kama hazikuwepo au kisu ndicho kilizikwangua. Ndiyo maana maabara za fani hii huimimina ateri ndani ya plastiki inayokauka ikawa ngumu kama kifungo cha shati, kisha huikata kwa msumeno na kuisaga taratibu hadi mwanga upite. Nikisoma sehemu ya mbinu nikakuta neno nta peke yake, bila maelezo ya namna chuma kilivyotolewa, naweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli.

Swali la pili: kidonda kimeachiwa nini ndani? Unene wa vijiti una maana kubwa. Jaribio la ISAR-STEREO, lililotoka 2001, liligawa wagonjwa 651 kwa kura. Wengine walipata stenti ya vijiti vya maikroni 50 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wengine ya maikroni 140. Waliofinyika tena walikuwa asilimia 15 upande wa vyembamba na karibu 26 upande wa vinene. Tofauti yenyewe ni kama unene wa unywele mmoja hivi.

Halafu ikaja dawa. Stenti ikapakwa polima, aina ya plastiki, na ndani ya polima ikawekwa dawa ya kuzuia seli za misuli zisizaane. Jaribio la RAVEL la 2002, lenye wagonjwa 238, lilishangaza kila mtu: baada ya miezi 6, stenti tupu zilikuwa na asilimia 26.6 waliofinyika tena, na zenye dawa hakuna hata mmoja. Watu walishangilia. Lakini rudi kwenye goti la mtoto. Dawa inayozuia kovu haichagui sana, inachelewesha na ile safu ya ndani isirudi. Mwaka 2006 maabara ya Renu Virmani huko Maryland, Marekani, ambayo huchunguza mishipa ya watu waliofariki, ilionyesha kwamba kuta zenye stenti za dawa za kizazi cha kwanza zilikuwa zinapona polepole sana, vijiti vikiwa bado uchi. Chuma kilicho uchi ndani ya damu ni mwaliko wa bonge la damu iliyoganda. Stenti za baadaye zikapunguzwa unene na polima zake zikabadilishwa, na tatizo likapungua sana.

Hili ndilo lililonifanya nigombane na mtu. Baba Salma alikuwa na miezi minne tangu kuwekewa stenti, jino likamuuma. Aliyemhudumia kwenye kliniki ya meno, ambayo sitaitaja, akamwambia aache vidonge vyote viwili vya kuzuia damu isigande, aspirini na klopidogreli, wiki nzima kabla ya kung'olewa. Akarudi nyumbani na kikaratasi. Nilipokiona nilipiga simu kwa daktari wake wa moyo kabla hata sijavua viatu. Jibu lilikuwa fupi: asiguse kidonge hata kimoja, nitaongea nao mwenyewe. Jino liling'olewa huku anaendelea na dawa, akauma pamba muda mrefu kuliko kawaida, basi. Kama una stenti, kitu cha kuchukua katika aya hizi mbili ni hicho: vidonge havisimamishwi na mtu yeyote ila daktari wa moyo, na wewe usijisimamishie.

Ile ya kuyeyuka aliyoishabikia shemeji nayo ipime kwa swali hilo hilo. Absorb, iliyoruhusiwa Marekani Julai 2016, ilikuwa ya plastiki inayoyeyuka kwa miaka kadhaa. Wazo zuri, maana ukuta unabaki wenyewe. Ila plastiki ni dhaifu kuliko chuma, hivyo vijiti vilibidi viwe na unene wa maikroni 150 na zaidi. Wewe umeshasoma habari ya unene. Mabonge yalizidi yale ya stenti za chuma, na Septemba 2017 kampuni ikaacha kuiuza.

Swali la tatu halinichukui muda: ni ukuta wa nani, na kwa siku ngapi? Nguruwe hutumika sana kwa sababu moyo wake unafanana na wetu, na mara nyingi huchunguzwa baada ya siku 28. Lakini yule ni nguruwe kijana mwenye mishipa safi, anapona haraka. Baba Salma alikuwa na miaka 61 na mafuta na chokaa ukutani. Siku 28 za nguruwe zinatosha kuikataa stenti mbaya. Kuisifu stenti nzuri hazitoshi.

La nne ndilo linalowaangusha wengi. Walipima nini? Kuna utafiti unaopima picha: uwazi wa mshipa umepungua milimita ngapi, au wangapi wamefinyika nusu na zaidi. Upo unaopima mtu: amekufa, amepata mshtuko wa moyo, kifua kinamuuma. Picha na mtu haviendi pamoja siku zote. Ukuta waweza kuwa na kovu kidogo na mwenyewe asijue.

"Stenti hazina faida" ilitokana na jaribio la ORBITA la Uingereza, 2017. Wagonjwa 200 wenye maumivu ya kifua yaliyotulia walilazwa, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi na kuvishwa vifaa vya kuziba masikio. Nusu waliwekewa stenti, nusu waliigiziwa tu. Baada ya wiki 6 tofauti ya muda wa kutembea kwenye mashine ilikuwa ndogo mno. Ila wote walikuwa wanameza dawa za kutosha. Mwaka 2023 watafiti hao hao walirudia kwa wagonjwa 301 walioachishwa dawa za maumivu, na mara hii waliowekewa stenti waliumwa kifua kidogo zaidi. Matokeo mawili tofauti, na yote ni kweli.

Wala hakuna kati ya hayo mawili lililowahusu watu kama mume wangu. Yeye alikuwa Dar kwa binti yetu, akaamka saa tisa usiku jasho likimtiririka mpaka shuka likalowa, ateri imeziba kabisa. Kwa mtu wa namna hiyo kufungua njia ni kuokoa misuli ya moyo isife, na hilo halina ubishi. Kwa hiyo kabla hujamtumia mgonjwa kichwa cha habari, angalia waliochunguzwa walikuwa wagonjwa gani.

Wiki iliyopita shemeji katuma tena: "Stenti ya ajabu, ukuta wapona kabisa." Nikafungua, nikashuka moja kwa moja kwenye mbinu. Sungura, mshipa wa paja, siku 28. Nikamwandikia hayo maneno matatu tu. Akajibu kwa dole gumba. Asubuhi yake ikaja nyingine, hii ni ya kitunguu saumu.