Kumsomea mtoto anayeonewa: mwache amseme "yeye" kabla ya kusema "mimi"

Kwa wiki kadhaa mwanangu aliumwa tumbo kila Jumatano asubuhi. Nilimpima joto, nikampeleka kwa daktari, tumbo halikuwa na kitu. Nilichelewa kuitazama ratiba yake ya masomo, na nilipoitazama nikaona Jumatano ndiyo siku ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mwanangu ana kigugumizi. Alikuwa na miaka 9, na kumbe watoto wanne walikuwa wakimwigiza kila alipokwama kwenye neno, tena si darasani tu: uwanjani, chooni, hadi njiani akirudi nyumbani.

Nilimuuliza waziwazi. Akajibu, "Hakuna kitu." Basi nikatafuta kitabu chenye mtoto wa kigugumizi anayechekwa na wenzake, nikaketi mbele yake, nikamsomea kwa sauti ya mtu anayetoa mawaidha. Tulipofika ukurasa wa nne akakifunga kwa kiganja, taratibu, bila hasira. "Mama, hicho kinanisema mimi." Akageukia ukutani.

Ilinichukua siku nyingi kuelewa nilichoharibu. Kitabu humsaidia mtoto anayeonewa kwa sababu kinampa mtu mwingine wa kumzungumzia. Akiwa "mimi", aibu inamziba mdomo. Akiwa "yeye", mdomo unafunguka, na yote aliyoyaficha yanatoka yakiwa yamevaa jina la mtoto wa kwenye hadithi. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya huyo "yeye" kabla hajamtumia.

Kabla hujafungua kitabu

Jua kwanza unashughulika na nini. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu katika shule za Skandinavia miaka ya 1970, alituachia vipimo vitatu ambavyo bado vinatumika: kuna nia ya kuumiza, kitendo kinajirudia, na nguvu hazilingani. Marafiki wawili waliogombania mpira wamegombana tu, kesho watacheza. Watoto wanne wanaomsubiri mmoja mlangoni kila Jumatano wanamwonea. Nguvu zenyewe si misuli peke yake. Wingi ni nguvu, umaarufu darasani ni nguvu, na ulimi mwepesi mbele ya mtoto mwenye kigugumizi ni nguvu kubwa kuliko ngumi.

Kama mtoto ana alama za kupigwa, au ametishiwa, nenda shuleni siku hiyohiyo, kitabu kitasubiri. Na kama amesema hataki kuishi, hata kwa mzaha, usimwache peke yake, na mtafutie mtaalamu wa afya mara moja. Kitabu hakina uwezo wa kubeba jambo hilo.

Kuchagua

Kisome peke yako mpaka mwisho. Usikiamini kwa sababu jalada lina neno "urafiki". Unaposoma, angalia hadithi inamalizikaje, maana watoto hukumbuka mwisho kuliko yote.

Mimi, kwa mfano, siitumii kwa kazi hii hadithi maarufu ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1843, ya kifaranga kibaya aliyechukiwa na bata wenzake akaja kugundua kuwa ni batamaji mzuri. Ni hadithi nzuri, lakini mateso yake yanakwisha kwa kuwa amependeza. Mtoto wangu angejifunza nini hapo? Kwamba watamwacha siku kigugumizi kitakapoisha? Huenda kisiishe. Vilevile naepuka hadithi ambazo mwonewa anashinda kwa kupiga ngumi moja, na zile ambazo mwalimu anawalazimisha wapeane mikono, kisha ukurasa unaofuata wote wanacheka. Mtoto anayeonewa anajua kuwa si kweli, na atakuona wewe uliyemletea kuwa hujui kinachoendelea.

Kisha angalia umbali. Nilikosea kuchagua hadithi iliyokuwa pacha wa maisha yake. Tafuta binamu. Kama anachekwa kwa kigugumizi, msomee kuhusu mtoto anayechekwa kwa miwani, kwa nguo, kwa kuhamia darasa jipya. Kwa wadogo wa miaka minne hadi sita, wanyama wanafaa sana, kwa kuwa sungura hafanani na mtu yeyote wa darasani kwao. Hadithi iliyo pacha naye isubiri mpaka aiombe mwenyewe.

Na jambo ambalo sasa nalipa uzito kuliko yote: je, kwenye hadithi kuna mtoto anayeona na kunyamaza?

Hili nilifundishwa na mwanangu. Kitabu cha pili kilikuwa cha picha, kuhusu mgeni darasani ambaye hakuna aliyetaka kukaa naye. Safari hii tuliketi ubavu kwa ubavu, migongo ukutani, kitabu magotini, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake. Katika ukurasa mmoja, watoto watatu wanamcheka mgeni. Nilitaka kufunua. Akauzuia ukurasa kwa kidole, akakiteremsha polepole mpaka kona ya chini, kwenye mtoto mdogo aliyechorwa nusu, ameinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi sikuwa nimemwona kabisa.

"Huyu ameona," akasema.

Nikamuuliza, "Unadhani anawaza nini?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha: "Anaogopa watamgeukia yeye." Baada ya pumzi mbili tatu akaongeza jina. Si la mtoto wa kitabuni. Lilikuwa la mwenzake wa darasani, ambaye kila mara alikuwepo na kila mara alikuwa anatazama chini.

Kwa wanaosoma riwaya, vipo vitabu vinavyompa nafasi mtazamaji huyo. The Hundred Dresses cha Eleanor Estes, kilichotoka mwaka 1944, kinafuatilia mawazo ya Maddie, msichana anayesimama pembeni rafiki yake akimdhihaki Wanda, anayevaa gauni lile lile kila siku. Maddie anajua ni vibaya, na hasemi. Anapopata ujasiri, Wanda na familia yake wameshahama. Napenda kwamba mwandishi hakumrudisha Wanda ili wote watulie. Wonder cha R. J. Palacio cha mwaka 2012 kinamhusu mvulana mwenye uso tofauti na wa wengine, na kinasimuliwa kwa sauti za watoto kadhaa, yeye mwenyewe, dada yake na marafiki. Kinawafaa zaidi watoto kuanzia miaka minane au tisa. Kama hivyo huvipati kwa lugha ambayo mtoto wako anaisoma kwa raha, usijali. Chochote chenye mtu pembeni kinafaa, na ukikikosa, simulia mwenyewe.

Kusoma kwenyewe

Usisome dakika ile ametoka shule akiwa amevimba macho. Wakati huo anahitaji maji, kukumbatiwa na kuachwa apumue. Soma siku ya kawaida, kati ya vitabu vingine vya kuchekesha, ili kitabu hiki kisionekane kama dawa iliyoletwa kwa mgonjwa.

Uliza kuhusu mhusika tu. Anajisikiaje hapa? Nani mwingine ameona? Angeweza kumwambia nani? Kwa nini huyu anayewaonea wenzake anafanya hivi, na je, sababu hiyo inampa ruhusa? Maswali mawili kwa kikao yanatosha, baada ya hapo anaanza kuhisi anahojiwa. Swali nililojikataza kabisa ni "na wewe je?" Ukiliuliza, umemvua lile vazi hadharani. Mwache alivue mwenyewe. Akinyamaza, nyamaza naye. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufunua ukurasa. Mwanangu aliniambia mengi zaidi katika zile sekunde kumi kuliko katika maswali yangu yote.

Hadithi ikifika mahali mhusika anajibu, simamisheni mfanye mazoezi ya maneno. Sisi tulichukua mawili tu: "Acha. Sipendi." Kwa mwenye kigugumizi sentensi ndefu ni mtego, na "Acha" inaanza na irabu ambayo kwake hutoka kirahisi. Tulifanya mazoezi mbele ya kioo, miguu imekaa imara, macho kwenye paji la uso la mwenzake, kisha kugeuka na kuelekea alipo mtu mzima. Lakini usimwahidi kwamba maneno yatamaliza jambo. Yasipofanya kazi atadhani kosa ni lake kwa mara ya pili.

Siku atakaposema "mimi"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, sikuwa nimejiandaa kwa jibu. Nilitamani nishike simu muda uleule niwapigie wazazi wa wale wanne. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa kuwa wazazi wakishagombana, watoto hulipa shuleni. Mwambie mambo mawili: asante kwa kuniambia, na si kosa lako. Kisha mweleze utakachofanya kabla hujakifanya, ili asijute kusema.

Usiku huo niliandika kwenye daftari: tarehe, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyotamkwa. Daftari hilo ndilo nililokwenda nalo kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu akiambiwa "wanamsumbua", hana pa kuanzia. Akiambiwa "Jumatano tatu mfululizo, mlango wa nyuma, baada ya kipindi cha pili", anajua pa kusimama. Kama uonevu unafanyika kwenye simu, mtoto asijibu wala asifute chochote. Piga picha za skrini kwanza, ndipo umzuie huyo anayemwonea.

Mtoto anaweza kukataa usiende shuleni kwa kuogopa kuitwa mchongezi. Hapa pia kitabu kilinisaidia, tulirudi kwa yule mtoto wa kamba ya kiatu. Nikamuuliza: akisema, atakuwa anamtia mtu matatani au anamtoa mtu matatani? Alilifikiria, akasema niende.

Kuna mzazi anayesoma hapa ambaye mtoto wake ndiye anayeonea wengine. Vitabu ni vile vile, ila usimwanzishe kwa mwonevu wa hadithi, atajikunja mara moja. Mwanzishe kwa mtazamaji. Kutoka pembeni ataona kila kitu, pamoja na uso wa anayechekwa, ambao akiwa katikati hauoni.

Mwalimu alimhamisha yule mwenzake aliyekuwa anatazama chini, akamweka dawati moja na mwanangu, na kwa kusoma kwa sauti akawapanga wawiliwawili, wanasoma pamoja. Maumivu ya tumbo yalichukua karibu muhula mzima kwisha. Katika kipindi hicho tulikisoma kile kitabu cha picha mara nyingi mno, maana alikiomba, na mtoto akiomba kitabu kilekile mara ya ishirini bado ana kitu anachokitafuta humo. Msomee. Siku akikiacha, usimkumbushe. Jumatano moja asubuhi alikirudisha rafuni mwenyewe, akachukua cha papa na nyangumi, akakitia begini.