Mbele ya kufilimu barulaje, angalia kwanza haya

Mdogo wangu mmoja ameniuliza kama ni haki kufilimu polisi wa rulaje (wa barabarani) saa anakusimamisha pale njia ya Kasenga, huku Lubumbashi. Haki iko, nitaifikia, lakini jipange mbele juu haki bila kujipanga inakulaza kasho, selo ya polisi.

Papye. Permi (leseni), karte roze ya gari, asuransi, vinyeti (kodi ya gari), kontrole tekniki. Kama moja inakosa weka telefone mfukoni, hauna mdomo.

Mlango wa abiria ufunge na ufunguo. Wanapenda kuingia na kukaa pembeni yako, na akishakaa pale bei inapanda. Sisi wa magari ya volani kuume ni mlango wa kushoto, wengi wanasahau.

Telefone ifungwe na kode, sio alama ya kidole, juu kidole mtu anaweza kukukamata akakiweka ku ekra kwa nguvu. Video itoke mu telefone haraka, itume kwa dada yako ku WhatsApp. Wakiifuta usilie kwanza, angalia mu pubeli (takataka) ya picha, iPhone inazichunga siku 30.

Afilimu abiria kama yuko, weye mikono ikae ku volani. Usimwekee mtu telefone mu pua.

Sasa ile iliyonichoma. Rulaje mmoja alinisimamisha asubuhi, eti taa ya nyuma imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Anataka franka 20 000. Mi nikajifanya mjanja, telefone nikaiegemesha chini ya kiyoo na kitambaa juu, inafilimu, tukabishana mpaka 10 000, nikakunja noti ndani ya permi nikamupatia, akachukua, akarudisha permi, «safari njema papa». Video safi kabisa, uso, sauti, noti, yote. Magaribi nikaonyesha jirani wote, nikalala kama mushindi. Kesho yake nikaipeleka kwa mukubwa wao. Akanipatia kiti, akaangalia mara mbili, polepole, nikawaza kazi imeisha. Halafu akauliza: «Na huu mukono wenye saa ya njano, wa nani?»

Saa ilikuwa ingali ku mukono wangu.

Akanielezea, bila hasira hata kidogo, kama kode penali yetu (sheria ya makosa) inaazibu mwenye kupokea na mwenye kutoa, wote wawili, na mi nimeleta ushuhuda na miguu yangu mwenyewe. Nilitoka mule saa kumi ya jioni. Namna nilitoka sitaandika hapa.

Kwa hiyo filimu anapoomba, na mukono wako usionekane unatoa kitu, juu haupashwe kutoa. Muambie aandike peve (karatasi ya kosa), uende kulipa ku banki, akupatie kitansi (risiti). Ukishatoa feza ya chini, futa video yako nyamaza, umekuwa mwenzake.

Kuna vijana wanaangalia video za Marekani halafu wanapandisha sauti. Kule ni kule. Simon Glik, avoka (mwanasheria), alikamatwa Boston mu 2007 juu alifilimu polisi wakikamata kijana mu bustani ya mji, na mu 2011 korti ya rufani ikasema kufilimu polisi mahali pa wote ni haki ya katiba yao, mji ukamulipa dola 170 000. Ile hukumu haivuki mpaka wa Kasumbalesa. Yetu ni Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006: kifungu 23 uhuru wa kusema mawazo, 24 haki ya habari, 31 siri ya mawasiliano yako, ni kusema telefone yako haifunguliwe hivi hivi. Na kifungu 18: wakikukamata wakuambie sababu mara moja, mu luga unayosikia, na garde à vue (kukufungia ku polisi) isipite saa 48. Hiki cha 18 ukijue kwa kichwa, njo kitakusaidia kuliko vingine.

Mengine ya haraka. Usiposti siku ileile ukiwa na kasirani, Kode ya nimeriki (sheria ya mambo ya intaneti) ya 2023 iko na azabu ya kunyanyasa batu ku intaneti, afazali avoka aione kwanza. Funika sura ya abiria wako. Basoda (askari jeshi), kambi, uwanja wa ndege, usifilimu, hata kwa mchezo. Na usiku ku barieri, kama unasikia harufu ya lutuku (pombe kali), acha mambo ya vifungu, washa taa ya ndani, «jambo shefu», onyesha papye, endesha polepole mpaka uone taa za watu.