Kabla hujawasha mashine ya kupikia bia huku Nyanda za Juu

Kabla ya kitu chochote, ipindue mashine usome kibandiko cha chini. Kikisema volti 110 au 120, hiyo ilitengenezwa kwa soketi za Marekani na hizi zetu za volti 230 zitaiua. Irudishe. Usiniambie habari za transfoma. Transfoma ya kubeba mzigo huo saa tano mfululizo ni ghali na ni nzito kama tofali.

Kikisema 220 hadi 240, sawa, tuje kwenye umeme wa nyumba yako. Mashine hizi za lita 30 au 35, ambazo sufuria, koili, pampu na kikapu cha kimea vyote vimo humo humo, nyingi hula wati kati ya 2,000 na 2,400. Hizo ni karibu ampea 10. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni ya kuchajia simu, na usithubutu kutumia ekstensheni iliyobaki imeviringwa, maana waya hukosa pa kutolea joto na plastiki huyeyuka. Mwite fundi umeme apime ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Zipo nyumba zenye soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ethi haliendi popote, na wewe siku hiyo utakuwa na chuma, maji na umeme mahali pamoja.

Luku: pishi moja la lita 20 humeza uniti 6 hivi. Weka 10. Anza asubuhi, kwa sababu jioni watu wakiwasha majiko volti hushuka, na volti zikishuka mpaka 180 koili yako ya wati 2,400 inabaki na 1,500 hivi. Umeme ukikatika kimea kikiwa kimelowekwa kwenye digrii 66, funika mashine kwa blanketi usubiri. Ukikatika wakati wa kuchemsha, utaendelea kuhesabu dakika pale ulipoishia. Kuihamishia kwenye jiko la mkaa ni kuiua, vifaa vyake vya umeme viko kitakoni.

Kimea cha shayiri kipasuliwe, kisisagwe. Narudia: usikipeleke kwenye mashine ya unga. Ganda la shayiri ndilo chujio lako. Likiwa unga, kikapu kinaziba, maji hayapiti, pampu inafyonza sehemu ya chini mpaka inakauka, na koili inaunguza sukari. Bia yenye harufu ya moshi haina dawa. Wanaotaka kutumia ulezi au mahindi kwa kuwa ndivyo vilivyopo Mbozi na Iringa, wajue kwamba wanga wa nafaka hizo unahitaji joto kubwa zaidi ya hilo la 66 ili uachie, kwa hiyo upikwe uji kwanza, pembeni, kwenye sufuria nyingine. Halafu changanya na shayiri, usiondoe shayiri yote.

Sasa lile ambalo hakuna kitabu cha maelezo nilichokiona kinalieleza vizuri: huku juu maji hayachemki kwa digrii 100.

Shemeji yangu wa Uyole alinunua mashine yake Dar, ikapanda basi, ikapita Kitonga, ikafika salama. Siku ya kwanza akaalika watu. Kuloweka kimea kukaenda vizuri, kikapu kikanyanyuliwa, mashine ikaambiwa ichemshe. Programu yake ilikuwa hivi: ifike 100, ilie, ianze kuhesabu dakika 60, ilie tena kila hopsi, yale maua ya kuleta uchungu, zinapotakiwa kuingia. Namba zikapanda 80, 90, 93, 94. Hapo zikagoma.

Nilifika mchana nikakuta kikao kizima kimeizunguka. "Shem, hii mashine imekufa," akaniambia. Mmoja alisema umeme ni mdogo. Mwingine alisema koili ni ya bandia. Fundi alikuwa ameshaitwa, ameshapima, ameshasema sensa imeharibika na ameshapokea hela ya kutafuta nyingine. Muuzaji alipigiwa simu, akajibu kwamba kwake zote zinafika mia bila shida. Na alisema kweli, kwani yeye alikuwa usawa wa bahari. Muda wote huo ndani ya mashine povu lilikuwa linaruka, mvuke umejaa ukuta mzima, na hopsi bado ziko kwenye mifuko yake mezani kwa sababu mashine haijalia.

Aliyewatoa gizani ni mama yake shemeji, ambaye amepika kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, maisha yake yote na hajawahi kuangalia kipimajoto. Alipita na ndoo, akachungulia, akauliza, "Baba, si yanachemka haya? Mnangoja nini?"

Wakati huo yalikuwa yamechemka kwa muda wa karibu saa tatu. Lita 26 zilikuwa zimebaki 18, tamu mpaka meno yanauma, rangi ya kahawa. Hopsi wakaitia wakati huo, wakachemsha saa nyingine, Luku ikaisha katikati. Walichokuja kukinywa baadaye kilikuwa na kilevi kikali, na wengine walikisifu, lakini bia aliyokusudia haikuwa hiyo.

Sababu ni mwinuko. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa digrii moja. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, kwa hiyo maji yanachemka karibu na 94. Iringa ni 95 kasoro kidogo, Njombe iko juu zaidi, kwa hiyo namba yake ni ndogo kuliko ya Mbeya. Ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, unapata 98. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kilo moja ya kimea, chemsha maji matupu lita 10, uone namba inapogandia. Hiyo ndiyo mia yako, iandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa mashine. Kama mashine ina sehemu ya kuweka kiwango cha kuchemka, weka hapo. Kama haina, achana na programu: washa nguvu yote, anza kuhesabu povu linapopanda, tia hopsi kwa saa ya mkononi. Na kwa kuwa joto ni dogo, uchungu wa hopsi hautoki wote. Chemsha dakika 75 au 90 badala ya 60, au ongeza hopsi. Povu la kwanza likipanda usiondoke, hata mgeni akibisha hodi.

Usafi. Kila kitakachogusa bia baada ya kuchemka kisafishwe kwa dawa, na dawa hiyo isiwe ya klorini ya kufulia nguo. Klorini hula chuma, na ikikutana na kimea huleta harufu ya hospitali. Maji ya bomba yenye klorini yakeshe wazi kabla ya kupikia.

Kupoza ndiko tunakowazidi watu wa Pwani, maji yetu ni baridi. Ila Juni na Julai baridi hiyo hiyo inalaza hamira. Hamira ya kawaida inataka 18 hadi 22. Ndoo ya bia inayochachuka ikikaa sakafuni Mbeya mwezi wa saba, siku ya tatu utasema imekufa. Vika ndoo koti, au tumia hamira ya laga, bia ya kuchachushwa kwenye baridi, inayopenda 10 hadi 13. Kuna watu wananunua friji kupata joto hilo, wewe unalo stoo bure.

Usijaze chupa mpaka haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia kuonyesha sukari iliyobaki, itoe namba ile ile siku tatu. Sukari ya kuleta gesi ni gramu 6 au 7 kwa lita, ipimwe kwa mizani. Chupa hupasuka, na vigae vyake haviangalii nani kasimama karibu.

Mengine unayajua. Watoto wasiwe jikoni, kikapu kilicholowa kinazidi kilo kumi na kinadondosha maji ya moto, kinyanyuliwe na watu wawili. Viatu, si ndala. Ndoo inayochachuka isikae chumba cha kulala kilichofungwa. Machicha yapoe kabla ya kumpa nguruwe, na yasilale. Majirani wakianza kuuliza bei, nenda kwanza ukaulizie leseni, na akitokea mtu na wazo la kufunga bomba juu ya mfuniko apate kitu kikali zaidi, hiyo ni gongo, mtoe nje.